Daftari la Kila Siku: Mwalimu Asiyedai Ada

Ndugu msomaji, mwaka 1991 nilisimama mbele ya hakimu nikiwa konstebo kijana. Viatu vyangu vilikuwa vikimetameta na vifungo vya sare yangu vimesuguliwa vizuri. Siku hiyo nikajua kwa mara ya kwanza kwamba askari aweza kushindwa na kalamu yake mwenyewe.

Kesi ilikuwa ya wizi wa cherehani. Mwenyewe alikuwa mama mjane aliyeshona sare za watoto wa shule, na kwa mashine hiyo moja aliwalisha watoto wanne. Mimi na mwenzangu tulimkamata mtu usiku akiwa ameibeba kichwani. Kwa macho yetu, jambo lilikuwa wazi kama mchana.

Wakili wa mshtakiwa hakuuliza mengi. Kwanza aliuliza ilikuwa saa ngapi. Katika maelezo yangu nilikuwa nimeandika "saa 3 usiku", kwa hesabu yetu ya Kiswahili. Aliyeyafasiri kwa Kiingereza aliiacha ile 3 kama ilivyo, ikawa saa tisa za usiku wa manane. Mwenzangu, ambaye aliandika kwa Kiingereza, alikuwa ameitaja saa yenyewe sawasawa. Basi askari wawili waliokuwa pamoja, hatua kwa hatua, wakaonekana mbele ya mahakama kuwa wametofautiana kwa saa sita. Wakili akauliza tena: je, palikuwa na mbalamwezi au taa? Akauliza: namba ya cherehani ilisomwa pale pale njiani au baada ya kufika kituoni? Nikajibu, "Nafikiri." Nilijibu hivyo mara tatu.

Hakimu akamwachilia mshtakiwa. Yule mama mjane hakunilaumu. Nje ya mahakama aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, sasa cherehani atapewa nani?" Mpaka leo sijapata jibu la kumtosha.

Jioni ile nilikaa kizingitini pa chumba changu kambini bila hamu ya chakula. Jirani yangu alikuwa sajini mmoja mzee, Mnubi wa Koboko, mtu wa maneno machache. Alikuja akaketi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, macho yako hayana kasoro. Kalamu yako ndiyo kipofu. Kesho nenda sokoni, nunua daftari."

MASHARTI MANNE YA SAJINI

Nilidhani anasema habari ya daftari la kazi, lile ambalo kila polisi hulibeba mfukoni. La, alikuwa na maana ya daftari jingine, la kurasa 96 kama la mwanafunzi, la kuandika mambo ya kila siku. Wataalamu wa lugha huliita shajara. Daftari la kazi ni mali ya serikali, huandikwa kwa amri na hukaguliwa. Daftari hili ni la mtu mwenyewe, naye huliandika ili mkono wake uzoee kusema kile ambacho macho yake yameona.

Sajini alinipa masharti manne, nami nayaandika hapa kama alivyonipa.

La kwanza, andika kila siku kabla ya kulala, hata ikiwa ni mistari kumi tu. Mistari kumi ya kila siku ina faida kuliko kurasa kumi za siku moja katika mwezi. Hapana kuruta aliyejifunza kutembea kwa gwaride moja.

La pili, anza na saa, mahali na watu. Ukitaja saa, taja pia ni ya asubuhi, ya mchana au ya usiku, na kama ni hesabu ya Kiswahili au ya Kizungu. Ukitaja mahali, taja kitu ambacho mtu mwingine aweza kwenda kukiona: mwembe, daraja, duka la kona.

La tatu, usiandike "nafikiri" bila kueleza sababu ya kufikiri hivyo. Ukiandika "nafikiri alikuwa amelewa", eleza kilichokufanya ufikiri: alipepesuka, alinuka pombe, alirudia neno moja mara tano. Ukikosa sababu, lifute neno hilo.

La nne, kila Jumapili soma uliyoandika wiki nzima, chagua ukurasa mmoja, uuandike upya.

Wiki ya kwanza nilichoka. Sikuona cha kuandika, maana kila siku ilionekana sawa na jana. Wiki ya tatu nikaanza kugundua jambo la ajabu. Kwa kuwa nilijua kwamba usiku nitaandika, mchana nilianza kutazama. Niliposimama njiani nilihesabu baiskeli. Mtu aliposema nami nilisikiliza maneno yake yenyewe, si maana yake tu. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba daftari hufunza macho na masikio kabla ya kuufunza mkono. Mtu aandikaye vibaya, aghalabu ni mtu aliyetazama vibaya.

WALIOANDIKWA NA WENGINE

Siku moja nilimwuliza Sajini sababu ya kulipenda daftari namna ile. Akaniambia kwamba babu wa babu yake alikuwa askari wa Emin Pasha huko Wadelai. "Najua jina lake," alisema, "na ninajua kwamba alikuwa askari. Basi. Hilo tu ndilo tulilorithi."

Wasomaji wetu wengi wa Arua na Koboko wanaijua habari ya Wadelai, pale kando ya Mto Nile, katika West Nile yetu hii. Emin Pasha alikuwa tabibu, mzaliwa wa Silesia katika nchi ya Prussia, na jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer. Mwaka 1878 alifanywa gavana wa jimbo la Equatoria kwa niaba ya serikali ya Misri. Vita vya Mahdi vilipoikata njia ya Khartoum, alihamishia makao yake Wadelai mwaka 1885. Alikuwa mtu wa macho mafupi, lakini kalamu yake haikulala. Aliandika habari za hewa, ndege, mimea, lugha za watu na mambo ya safari zake, akaendelea hivyo mpaka mwaka wa kuuawa kwake huko Kongo, 1892. Madaftari yake yalihifadhiwa, na baadaye yakachapwa Ujerumani katika vitabu kadhaa, chini ya uangalizi wa Franz Stuhlmann, aliyewahi kusafiri naye.

Emin alipoondoka mwaka 1889, askari wake wengi walibaki. Mwezi wa Septemba mwaka 1891 Kapteni Frederick Lugard aliwakuta Kavalli, karibu na Ziwa Albert, chini ya mkuu wao Selim Bey, pamoja na maelfu ya wake, watoto na wafuasi. Lugard akawaingiza katika utumishi na kuwaweka katika ngome za Toro. Kutokana na hao kikatokea kikosi cha Uganda Rifles, na mwaka 1902 kikosi hicho kikaunganishwa na vingine kuwa King's African Rifles, ambayo wazee wetu waliiita Keya. Lugard naye alikuwa na desturi ya kuandika kila siku. Kutokana na maandishi hayo alitunga kitabu kikubwa kilichochapwa mwaka 1893, na madaftari yenyewe yakachapwa mwaka 1959, yakihaririwa na Margery Perham.

Basi tazama, ndugu msomaji. Gavana aliandika na kapteni aliandika. Askari aliyebeba bunduki, mkewe aliyebeba sufuria na mtoto, na mtoto aliyezaliwa njiani, hao hawakuandika, maana hawakufunzwa kuandika. Tunawajua kwa kalamu za wakubwa wao, na mara nyingi tunawajua kama hesabu tu: askari kadhaa, wanawake kadhaa. Tungependa kujua walikula nini Wadelai mwaka 1887, na waliambiana nini usiku uasi ulipozuka Dufile mwaka 1888. Hapana wa kutuambia kwa kinywa chake.

Si kwamba watu wa nchi hizi hawakuweza. Mwaka 1902 Katikiro Apolo Kagwa wa Buganda alipokwenda Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, alifuatana na karani wake Ham Mukasa. Mukasa aliandika kwa Kiganda mambo aliyoyaona, na mwaka 1904 kitabu chake kikatoka kwa tafsiri ya Kiingereza. Hata kabla ya hapo, mwaka 1896, Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia. Habari ya safari yake, kwa Kiswahili, ilichapwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Hawa hawakuwa magavana. Walikuwa wasafiri waliotazama vizuri, wakayaweka waliyoyaona katika maandishi. Leo Wazungu huwasoma ili wajue jinsi walivyoonekana machoni pa Mwafrika.

Tofauti kati yao na askari wa Wadelai haikuwa akili wala ushujaa, ilikuwa kalamu. Na leo kalamu tunayo.

VITABU VYA KULUVA

Yamkini msomaji mmoja atasema: "Mimi si msafiri wala mkubwa. Maisha yangu ni ya kawaida. Yatamfaa nani?" Jibu lake liko karibu sana na Arua, katika hospitali ya Kuluva, upande wa kusini wa mji.

Huko alifanya kazi kwa miaka mingi Dakta Ted Williams, pamoja na nduguye Dakta Peter Williams. Walikuwa na desturi ya kuandika habari za wagonjwa wao kwa uangalifu mkubwa. Katika miaka hiyo daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, alikuwa akichunguza uvimbe wa taya ulioua watoto wengi, ambao aliueleza katika maandishi yake ya mwaka 1958. Mwaka 1961 Burkitt, Williams na mwenzao Cliff Nelson walisafiri kwa gari kiasi cha maili 10,000 katika Afrika ya mashariki na kusini, wakiuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo umeonekana.

Mwaka 1967 jarida la matabibu wa Uingereza, British Medical Journal, lilichapa makala ya Williams na wenzake juu ya wagonjwa wa West Nile wa miaka ya 1961 hadi 1965. Kwa kuwa ilikuwa imeandikwa kila mtoto ametoka kijiji gani na ameanza kuugua lini, iliwezekana kuona kwamba wagonjwa walielekea kutokea karibu karibu, kwa mahali na kwa wakati. Baadaye, kuanzia mwaka 1972, damu ya watoto wapatao 42,000 wa West Nile ilipimwa. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1978 yakatia nguvu ushahidi kwamba kirusi fulani kina sehemu katika ugonjwa huo.

Fikiri sasa. Mstari mmoja wa kitabu cha hospitali, wenye jina la kijiji na tarehe, haukuwa na uzuri wowote wa lugha. Aliyeuandika jioni, mikono imechoka, hakujua utatumika wapi. Lakini kama angeandika "mtoto kutoka mbali, ameugua siku nyingi", elimu yote hiyo ingepotea. Uandishi bora huanzia hapo, katika neno lililo kamili, lenye mahali pake na siku yake. Madaha huja baadaye, na mara nyingi hayahitajiwi.

KUANDIKA MARA YA PILI

Sharti la nne la Sajini ndilo watu wengi hulipuuza, nalo ndilo lenye mafunzo makubwa kuliko yote. Kuandika kila siku bila kusoma tena ni kama kupiga shabaha bila kwenda kutazama tundu la risasi.

Livingstone, yule msafiri wa Kiskoti, alifika Nyangwe, mashariki ya Kongo, mwaka 1871. Karatasi zilikuwa zimemwishia na wino pia. Akaandika juu ya kurasa za gazeti la zamani, akikatiza mistari iliyochapwa, kwa wino alioutengeneza kwa mmea wa huko. Kwa namna hiyo aliandika habari ya mauaji aliyoyashuhudia sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai 1871. Baadaye aliyanakili maandishi hayo, kwa lugha iliyonyoka, katika daftari kubwa. Zile kurasa za gazeti zilififia zikawa hazisomeki. Katika miaka ya 2010 na 2011 wataalamu walizipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, maneno yakaonekana tena, ikajulikana kwamba maandishi ya kwanza na nakala ya baadaye hayalingani kila mahali. Hapa tunajifunza mambo mawili: kuandika upya huinyosha lugha, lakini ukurasa wa kwanza usiutupe kamwe, kwa maana ndio shahidi.

Mfano mwingine ni wa msichana wa Kiyahudi, Anne Frank, aliyepewa daftari siku alipotimiza miaka 13, tarehe 12 Juni 1942, katika mji wa Amsterdam. Muda mfupi baadaye yeye na jamaa zake walijificha wasikamatwe na askari wa Hitler. Tarehe 28 Machi 1944 alisikia kwa redio waziri mmoja wa Uholanzi, akisema kutoka London, akiwataka wananchi wahifadhi barua na madaftari yao ili vita vijulikane baadaye. Msichana yule akarudi nyuma. Alianza kuyaandika upya yale aliyoyaandika tangu mwanzo, akipunguza huku, akiongeza kule. Walikamatwa tarehe 4 Agosti 1944, naye akafa kambini mwaka 1945. Baba yake alisalia, na kitabu kikachapwa mwaka 1947. Wengi humsifu kwa ushujaa wake. Mwandishi anayejifunza amsifu pia kwa ile kazi ya miezi michache, ya kuketi na maneno yake mwenyewe na kuyatengeneza.

Namna ya kufanya kazi hiyo si ngumu. Soma ukurasa wako kwa sauti. Unapokatika pumzi, pana sentensi ndefu mno, ikate. Unapotaka kueleza kwa mdomo, pana neno lililokosekana, litie. Unapoona aibu kwa kujisifu, futa.

KISWAHILI CHETU CHA KAMBINI

Kiswahili kimekuwa lugha ya kambi katika Uganda tangu siku za Keya. Kimetuunganisha Mlugbara, Mkakwa, Mnubi, Mwacholi na Mganda. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilibadilishwa na kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Watoto wetu watakileta nyumbani kikiwa sanifu. Je, sisi wazazi tutaendelea kuandika "mbuzi yangu ilipotea" na "watu ile walikuja"?

Hapana aibu katika kukisema Kiswahili cha kambini. Kimefanya kazi kubwa. Lakini katika maandishi, upatanisho wa maneno husaidia kuondoa shaka. Huu hapa mstari wa daftari langu la mwaka 1991, nilioandika siku za mwanzo:

"Watu ile walikuja, kitu ilipotea, tukafuata mpaka huko, ingine ikakimbia, moja tukakamata."

Ni nani aliyekuja? Ni mlalamikaji au mwizi? Kilipotea nini? "Huko" ni wapi? Jumapili ile, Sajini akiwa ameketi karibu, niliuandika upya hivi:

"Saa 3 na dakika 20 usiku, kwa hesabu ya Kiswahili, mama mmoja aliingia kituoni akasema cherehani yake imeibwa. Saa 3 na nusu mimi na mwenzangu tulishika njia ya sokoni. Mbalamwezi ilikuwapo. Karibu na mwembe mkubwa tuliwaona watu wawili. Mmoja alikimbia. Wa pili alikuwa na cherehani kichwani, tukamkamata, tukasoma namba ya cherehani pale pale."

Sajini alisoma, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Haya ndiyo maneno aliyoyahitaji yule mama." Yalikuwa yamechelewa kwake. Hayakuchelewa kwa waliokuja kituoni baada yake.

DAFTARI LA NYUMBANI

Akina mama wasidhani kwamba haya ni mambo ya wanaume wenye sare. Katika nyumba ya askari, ambaye leo yuko Arua na kesho amehamishwa, mama ndiye mwenye kumbukumbu ya nyumba. Daftari lake lina kazi tatu.

Kwanza, afya. Homa ya mtoto ikiandikwa siku na saa ilipoanza, na dawa aliyopewa na kiasi chake, mganga wa zahanati hupata msaada mkubwa. "Aliumwa tangu juzi" na "homa ilianza Jumatatu jioni, akatapika mara mbili usiku" si maneno yenye thamani moja.

Pili, shamba na fedha. Andika siku muhogo ulipopandwa, siku ufuta ulipovunwa, na bei uliyouzia sokoni. Baada ya miaka miwili utakuwa na elimu ya shamba lako mwenyewe ambayo hutaipata katika kitabu chochote.

Tatu, barua na simu. Mume aliye katika ulinzi wa mbali hupokea maneno haya: "Sisi wazima, watoto wazima, tunakusalimu." Ni maneno mema, lakini hayamrudishi nyumbani hata kwa dakika moja. Mama mwenye daftari huchagua jambo moja la wiki: "Mtoto wetu mdogo ameng'oka jino Jumatano. Amelificha chini ya mtungi, anasema ni lako, utalikuta." Askari akisoma hayo atacheka peke yake kwenye lindo, na nyumba yake itakuwa karibu naye.

Watoto nao wapewe daftari lao. Mistari mitano kila jioni yatosha, mzazi asisahihishe kwa wino mwekundu. Aulize tu: "Ilikuwa saa ngapi? Nani alisema hivyo? Umeiona wewe mwenyewe?"

MAMBO YA KUJIHADHARI

Askari ana mpaka ambao raia hana. Usiandike katika daftari lako idadi ya askari, mahali pa silaha, njia za doria, wala safari ya kikosi. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari wa Uingereza walikatazwa kuweka madaftari ya namna hii katika mstari wa mbele, kwa hofu kwamba yakitekwa yatamfaa adui. Amri ya kikosi chako ndiyo ya mwisho. Polisi naye asitaje majina ya mashahidi wala siri za upelelezi; hayo yana vitabu vyake. Andika mambo ya kawaida: mvua, chakula, mazungumzo, jambo lililokuchekesha, jambo lililokuudhi na sababu yake. Mkono unaojifunza kwa mambo hayo utakuwa umezoea siku utakapotakiwa kuandika ripoti kubwa.

Kadhalika, daftari lisiwe silaha ya nyumbani. Mume asilisome la mke bila ruhusa, wala mke la mume. Mtu anayeogopa kusomwa huandika uongo, na daftari la uongo halimfunzi mtu.

ORODHA YA SAJINI

Namalizia kwa jambo ambalo Sajini alinionyesha mara moja tu, mwaka aliostaafu. Lilikuwa daftari kuukuu, limefungwa kwa nailoni, kingo zake zimeliwa na unyevu. Vita vilipofika West Nile mwaka 1979 na 1980, watu wengi walivuka mpaka kwenda Sudan na Zaire ya wakati ule. Yeye na jamaa zake walikuwa miongoni mwao. Madaftari yake ya zamani yaliteketea pamoja na nyumba. Huko ugenini alinunua lingine kwa bei ya chakula cha siku mbili, na mke wake hakusema naye siku hiyo.

Ndani yake, pamoja na habari za mvua na za foleni ya mahindi, aliandika kila mtoto aliyezaliwa katika sehemu yao ya kambi: siku, saa, jina la mama, jina la baba kama alikuwapo. Aliandika pia waliokufa. Hakutumwa na mtu. Alisema tu kwamba alimkumbuka babu wa babu yake, ambaye siku yake ya kuzaliwa haijulikani, wala ya kufa.

Watu waliporudi nyumbani, vijana walianza kuulizwa tarehe za kuzaliwa: shuleni, kazini, katika kila ofisi. Wazazi walijibu, "Alizaliwa wakati wa mvua kubwa," au "Tulipokuwa kule." Ndipo wakaanza kuja kwa Sajini, mmoja mmoja. Alikuwa akilifungua lile daftari taratibu, akivuta kidole chake juu ya mistari, mpaka akafika. Kisha alisoma kwa sauti, kama karani wa mahakama: siku, saa, mahali, jina la mama. Niliona kijana mmoja, mtu mzima mwenye ndevu, akimwomba arudie kusoma.

Sajini ametangulia mbele ya haki. Daftari lake liko kwa binti yake, naye huendelea kupokea wageni.

Nami nina yangu, yamejaa sanduku moja la chuma. Lile la kwanza linaanza na habari ya mama mjane na cherehani, imeandikwa vibaya, na chini yake imeandikwa tena. Ndugu msomaji, sokoni Arua madaftari yanauzwa. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, andika saa, andika mahali, andika uliyemwona.